Mkono wa Babu Yormat Kifuani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Oydin alikuwa na kazi tatu. Alifagia ua na kuunyunyizia maji ili vumbi litulie. Aliwapelekea kuku makapi ya ngano. Kazi ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zote, lakini ndiyo iliyomkosesha raha: kumpa babu yake kidonge, kusubiri akimeze, kisha kutia alama kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa jikoni.

Karatasi ile ilichorwa na mama yake, Salomat. Yeye alikuwa fundi wa kufuma hariri kwenye kiwanda kimoja mjini Margilan, na zamu yake ilianza mapema. Baba yake Oydin alikuwa mbali, nchi ya baridi, akijenga maghorofa. Kwa hiyo jukumu la kidonge likamwangukia Oydin, ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka kumi na miwili.

"Babu, kidonge chako," alisema asubuhi ile.

Babu Yormat alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mbao pale uani, chini ya mizabibu, kofia yake nyeusi ikiwa imeinamia sikio moja. Mbele yake palikuwa na mkate wa tanuri na birika la chai ya kijani.

"Weka hapo."

"Mama kasema nisubiri mpaka umeze."

"Mama kasema, mama kasema! Yule ni mkamwana wangu au mkuu wa gereza?" Babu alicheka, akakibonyeza kidonge kikatoka kwenye pakiti yake, akakitia mfukoni. "Haya, nimekwisha meza. Nenda katie alama yako."

"Lakini Babu, hujameza."

"Nitakitupa mferejini kama vile vingine. Samaki wa mfereji ule siku hizi wana damu safi kuliko mtaa mzima." Akammiminia mjukuu wake chai kidogo kwenye bakuli, jambo alilofanya alipotaka kumbembeleza. "Oydin, mimi na wewe si marafiki? Ukimwambia mama yako, atanitia roho juu bure, na yeye mwenyewe hatalala. Wewe unataka mama yako akose usingizi?"

Oydin hakutaka mama yake akose usingizi. Aliingia jikoni, akachukua kalamu, akatia alama. Karatasi ilikuwa imejaa alama safi, zilizonyooka kama mistari ya madaftari yake ya shule.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Wakati wa baridi, Babu alipimwa damu katika zahanati ya mtaa, na Daktari Mavjuda akamwambia kwamba kolesteroli yake, yaani aina ya mafuta yanayosafiri ndani ya damu, imepanda mno. Mafuta hayo yakizidi, alieleza, hujishikiza kwenye kuta za mishipa, na njia ya damu ikawa nyembamba mwaka hadi mwaka bila mtu kuhisi lolote. Babu aliogopa. Alikunywa dawa miezi minne bila kukosa hata siku moja, akaacha kupaka mafuta ya mkia wa kondoo kwenye mkate, akatembea hadi sokoni na kurudi. Aprikoti, matunda ya mwanzo wa kiangazi, zilipoanza kuiva alipimwa tena. Majibu yakawa mazuri, Daktari akafurahi, akamwambia aendelee vivyo hivyo.

Babu alisikia neno "mazuri" tu. Aliporudi nyumbani alitangaza kwamba amepona.

"Mtu aliyepona anakunywa dawa ya nini?" alimwambia Oydin siku ya pili yake. "Mafuta yanaondolewa kwa chai ya moto. Mimi ni mpishi, nayajua mafuta. Sufuria likiganda mafuta, unamwagia maji ya moto, yanakimbia. Na mwili ni hivyo hivyo."

Hakuna mtu mtaani ambaye angembishia. Fundi Yormat alikuwa mpishi wa pilau aliyesifika Margilan nzima. Miaka arobaini alipika kwenye arusi, hitima na sherehe za watoto, na kila mlaji wa pilau yake alishushia kwa chai ya kijani, akiamini kwamba chai hiyo inaosha mafuta yote tumboni. Kufikia asubuhi ile ilikuwa imetimia miezi mitatu ya alama za uongo.

Siku za karibuni Oydin alikuwa ameona mambo. Babu hakuweza tena kufika sokoni bila kusimama mara mbili kando ya mfereji, akijifanya anatazama maji. Jumanne iliyopita alisimama kwenye ngazi ya mlango, akasugua kifua, akasema, "Kiungulia." Oydin alifungua kinywa kumwambia mama jioni ile, lakini mama alikuwa amechoka, macho mekundu kwa kutazama nyuzi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuitazama karatasi nyuma ya mlango.

"Mwanangu, Mungu akubariki," alisema. "Bila wewe sijui ningefanyaje."

Oydin akageuka kwenda kumchemshia maji ya chai.

Asubuhi ile ilikuwa ya Alhamisi. Jirani yao Ergash alikuwa anamwoza binti yake, na pilau ya arusi ingeliwa Ijumaa. Kama ilivyo desturi, alasiri ya siku moja kabla, wanaume wa mtaa walikusanyika uani kwake kukata karoti. Meza ndefu ilijaa karoti za njano, na visu vilikwenda kasi pamoja na ndimi. Babu Yormat alipaswa kuwapikia wakata karoti pilau yao ya alasiri, kisha kesho yake apike ile kubwa ya watu mia nne. Wanawake walikuwa upande wa ndani wakikanda unga. Oydin alipita huku na huku akibeba mabirika ya chai.

"Fundi!" Ergash alipaza sauti. Alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko kilichofika barabara ya pili. "Nasikia daktari amekukataza mafuta ya mkia. Kesho utatupikia pilau ya hospitali?"

Wanaume wakacheka.

"Atapika kwa maji na dua," mwingine akadakia.

"Cheka wewe," Babu alijibu, akitumbukiza vipande vyeupe vya mafuta ya mkia kwenye sufuria kubwa la chuma. "Mimi nimepona zamani. Damu yangu ni changa kuliko ya bwana arusi."

"Tuthibitishie basi!"

Mafuta yalichemka yakatoa mvuke mtamu. Vipande vikanywea, vikakauka, vikawa rangi ya dhahabu. Wenyewe waliviita jizza, na mpishi ndiye anayekula cha kwanza, kwa chumvi na kitunguu kibichi, ndipo wengine nao wale. Babu alikiopoa kipande kikubwa kwa mwiko wa matundu. Kodir, msaidizi wake wa miaka mingi, mtu mzima mwenye watoto watatu, alisogea karibu.

"Fundi, nile mimi kwa niaba yako," alinong'ona.

"Umekuwa mke wangu?" Babu alimjibu, na watu wakaangua kicheko. Akala kimoja. Ergash akapiga makofi. Akala cha pili, na cha tatu.

Oydin alisimama na birika mkononi. Alitaka kusema, lakini angesemaje mbele ya wazee wote wale? Mtoto hamkosoi babu yake penye watu. Akaendelea kumimina chai.

Nyama ikaingia sufuriani, kisha vitunguu, kisha karoti, na mwisho mchele. Jua lilikuwa bado liko juu ya ukuta pilau ilipofunuliwa, na harufu yake ikawanyamazisha hata wale waropokaji. Babu aliipakua kwenye sinia kubwa za udongo. Ergash alionja, akafumba macho.

"Fundi Yormat," alisema, "mikono yako isipate uchungu kamwe!"

"Isipate!" wengine wakaitikia.

Babu aliinama kidogo, akaweka mkono kifuani. Hivyo ndivyo mtu anavyoshukuru kwao: mkono juu ya moyo na kichwa kinachoinama. Wanaume wote mezani nao wakaweka mikono vifuani, wakainamisha vichwa kumrudishia heshima. Ikawa shukrani nzuri ya kupendeza macho.

Lakini Oydin aliona tofauti. Mkono wa shukrani hukaa wazi na laini, kisha huteremka. Mkono wa Babu haukuteremka. Vidole vilikuwa vimelikamata shati na kulikunja. Jasho lilimtoka chini ya kofia, na uso wake, uliokuwa mwekundu kwa moto, ulikuwa unageuka rangi ya majivu.

Alimkimbilia. "Babu, una nini?"

"Moshi," Babu alisema kwa shida. "Moshi umeniingia. Usipige kelele. Usiniaibishe."

"Na mkono huu mwingine, mbona unaning'inia?"

"Mkono umekufa ganzi kidogo. Nenda kaniletee maji."

Oydin hakwenda kuchota maji. Alikwenda mbio upande wa wanawake. Mama yake alikuwa amepiga magoti mbele ya unga.

"Mama, njoo! Babu anaumwa kifua!"

Salomat aliinua kichwa, wasiwasi ukampita usoni, kisha ukatulia. "Amekaa motoni tangu saa nane, mwanangu. Mpelekee maji baridi akae kivulini. Si moyo. Dawa yake anakunywa kila siku, karatasi naiona mwenyewe."

Maneno yale yalimchoma Oydin. Alama zake zote, zile nzuri zilizonyooka, zilikuwa zimesimama sasa hivi kati ya Babu na msaada. Kila sekunde aliyonyamaza, zilikuwa zinamdanganya mama.

"Mama, karatasi ni uongo," alisema.

"Umesemaje?"

"Hakumeza. Hajameza tangu aprikoti zilipoiva. Anavitupa mferejini, mimi natia alama. Mimi ndiye niliyedanganya, Mama. Njoo, tafadhali njoo!"

Salomat hakuuliza swali la pili. Aliinuka na unga mikononi, akakimbia, na mara alipofika uani akamwambia Kodir apige simu ya kuita gari la wagonjwa.

Wanaume walikuwa wamemzunguka Babu. Ergash alikuwa anampepea kwa kofia. "Ni moshi tu, dada, usiwe na hofu," alisema. "Tembea kidogo, Fundi, upate hewa. Au nywa chai ya moto, itafungua."

"Asitembee!" Salomat alisema kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake. "Mkalisheni chini. Mwegemezeni. Mfungueni vifungo."

Dakika zilikuwa ndefu. Pilau ilipoa kwenye sinia, hakuna aliyeigusa. Babu aliketi ameegemea mto, anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Oydin alimshika mkono ule wa ganzi, akausikia baridi.

Gari lilipofika, mhudumu, kijana mwembamba mwenye begi la dawa, alimpima Babu pale pale. Alimpa kidonge cha kutafuna, akambandika nyaya za kupimia moyo kifuani.

"Mzee, umewahi kuambiwa una kolesteroli?"

"Ilikuwepo. Imeisha."

"Dawa yake unakunywa?"

Babu aliwatazama watu waliomzunguka. Wote walikuwa wamemwinamishia vichwa muda mfupi tu uliopita. "Kila siku," alisema.

Mhudumu akaanza kuandika.

Kumwambia mama ilikuwa jambo moja. Kumwumbua babu yake mbele ya mtaa mzima, mbele ya Ergash na Kodir na wazee wa msikiti, lilikuwa jingine. Babu alimtazama, na macho yake yalikuwa yanaomba.

"Hapana," Oydin alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Hapana, hanywi. Ana miezi mitatu hajanywa. Na leo amekula jizza, na Jumanne kifua kilimwuma pia. Nisamehe, Babu."

Mhudumu alifuta alichoandika, akaandika upya. "Umefanya vizuri kunieleza," alisema bila kuinua macho. "Kumbe si mara ya kwanza. Jamani, machela, upesi!"

Katika hospitali kubwa ya mkoa, Oydin na mama yake walikaa kwenye benchi la ukumbini huku madaktari wakishughulika nyuma ya mlango wa kioo. Mama hakuwa amenawa, unga ulikuwa umemkaukia vidoleni.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nimekasirika," mama alisema. "Nimekasirika nawe, na babu yako, na mimi mwenyewe niliyeiamini karatasi nikasahau kumtazama mtu." Kisha akamvuta, akamlaza kichwa begani. "Lakini ungenyamaza pale motoni, sijui leo tungekuwa tunalia nini."

Daktari wa zamu alipotoka, alisema mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umezibwa, umebakiwa na tundu jembamba la kupitisha damu. Wameufungua na kuuwekea kimrija kidogo cha kuushikilia. Mzee atapona, kwa kuwa wamefika kwa wakati. Kwa kuchelewa zaidi, msuli wa moyo ungekufa.

Kesho yake mchana waliruhusiwa kuingia. Babu alikuwa amelala bila kofia, na Oydin aliona jinsi nywele zake zilivyokuwa chache. Kodir, aliyeipika ile pilau ya watu mia nne badala yake, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, bado ananuka moshi wa arusi.

"Mchele haukuvunjika?" Babu alimwuliza kwa sauti dhaifu.

"Haukuvunjika, Fundi."

"Karoti haikuungua?"

"Kidogo, ukingoni."

"Nilijua." Babu alifumba macho, lakini alitabasamu. Kisha akamwita Oydin karibu. "Mjukuu wangu, mimi ndiye niliyekubebesha uongo ule. Ulikuwa mzigo wangu, nikaulaza mgongoni kwako kwa sababu wewe ni mtoto na unanipenda. Nisamehe wewe."

Oydin alilia, machozi ya miezi mitatu.

Baada ya wiki mbili, Babu alirudi kwa Daktari Mavjuda kupimwa damu. Alitembea taratibu, mama na Oydin wakimfuata kila upande. Daktari aliwakaribisha wote chumbani, akasoma barua ya hospitali hadi mwisho.

"Mzee wangu, nani alikwambia umepona?" aliuliza.

"Majibu yalikuwa mazuri, Daktari."

"Yalikuwa mazuri kwa sababu ya dawa. Dawa hii haifukuzi ugonjwa ukaondoka kama homa. Inaushikilia chini. Ukiiachia, unainuka tena kimya kimya. Na chai yako ni nzuri, inywe, lakini inapita tumboni. Haiingii kwenye mshipa ikausugua kama unavyosugua sufuria. Tena kolesteroli nyingi haitoki hata kwenye sahani. Ini lako lenyewe ndilo linaitengeneza. Ndiyo maana kutembea na kupunguza mafuta kunasaidia, lakini kwako wewe bila kidonge hakutoshi."

"Na kikinisumbua?"

"Njoo uniambie. Nitabadilisha, nitapunguza, tutaona. Mfereji usiuambie, hauna shahada."

Mama aliangua kicheko, na Babu naye akacheka akiwa ameshika kifua, safari hii kwa uangalifu tu.

Kisha Daktari akamgeukia Oydin. "Nikwambie kitu. Kama ungeniletea alama zile na nikaziamini, ningesema dawa imeshindwa, nikampa babu yako kali zaidi asiyoihitaji. Daktari anatibu kwa anachoambiwa. Akiambiwa uongo, anatibu mtu mwingine ambaye hayupo. Siku nyingine mtu mzima akikuomba ufiche jambo la afya yake, hata kama unampenda, hasa kama unampenda, nenda kwa mtu mzima mwingine siku hiyo hiyo. Usingoje arusi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Daktari," Oydin alisema.

"Na sisi wakubwa," Babu aliongeza, "tusiwape watoto siri za kubeba. Mwenye ugonjwa aubebe kwa uwazi, asaidiwe."

Walipotoka, ukumbi ulikuwa na foleni ya watu waliokuja kupimwa damu bila kula kitu. Mwishoni mwa benchi, amejikunyata kadiri mtu wa mwili ule awezavyo kujikunyata, alikuwa Ergash. Mkono mmoja wa shati ulikuwa umekunjwa hadi begani. Alipowaona, aliinamisha macho.

"Ergash!" Babu alisema. "Wewe hapa?"

"Mke wangu amenileta," Ergash alinong'ona. Kile kicheko chake cha kufika barabara ya pili hakikuwepo. "Fundi, niambie kweli. Ile sindano inauma?"

Babu Yormat alimwomba Oydin amsaidie kuketi, akajibana kwenye benchi kando ya jirani yake.

"Inauma kidogo," alisema. "Nitakaa nawe mpaka uitwe."